Rufaa ya Piusi na Mwezi Usio na Mnada

Jamani, habari za Piusi mmezipata? Kama bado, kaeni vizuri. Mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na tangu hapo mdomo unaniwasha.

Tuanzie kijijini Rhotia, uani kwa Marsela. Ilikuwa asubuhi, mwisho wa mwezi wa nane, mwaka wa themanini na sita. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Kuku walikuwa wanayafuata. Marsela alikuwa anawafukuza kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa umetolewa plasta karibuni, bado hauna nguvu.

Mkono huo ulivunjwa na mume wake, Sylvesta. Alimpiga kwa mpini wa jembe mbele ya watoto. Haikuwa mara ya kwanza. Mara zote Marsela alikuwa anasema ameanguka. Safari hii hakusema hivyo. Alikwenda polisi akapewa fomu. Akaenda hospitali. Kesi ikaenda Mahakama ya Mwanzo, Karatu. Hakimu alisikiliza mashahidi wote. Tarehe 10 mwezi wa sita akamhukumu Sylvesta kifungo cha miezi tisa.

Kwa sababu ya ule mkono, mama yake Marsela alihamia pale kusaidia kazi. Anaitwa Bibi Katarina. Huyu bibi ni mwanafunzi wangu wa kisomo. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi, na moto wangu bado mkali. Niliwapa wanafunzi zoezi moja: kila siku andika tarehe, halafu andika sentensi moja ya jambo lililotokea. Wengi waliandika siku tatu wakachoka. Bibi Katarina hakuchoka. Aliandika kama mtu anayepalilia, mstari baada ya mstari.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nasahihisha daftari lake. Mara tukasikia mtu anapiga mluzi njiani.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Piusi, kaka mkubwa wa Sylvesta. Alivaa koti la harusi. Mkononi alishika karatasi, ameinyanyua juu kama mtu aliyeshinda mbio.

"Karibu, shemeji," alisema Marsela. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikai. Nimeleta habari njema. Jana nilikuwa Mbulu, Mahakama ya Wilaya. Rufaa imeingia! Mdogo wangu anarudi Jumapili."

Marsela aliacha kufukuza kuku. Kuku walifurahi sana.

"Anarudi? Miezi tisa haijaisha!"

"Rufaa ikiingia, hukumu inafutika. Ona muhuri huu! Mwekundu! Sasa sikiliza, shemeji. Ukiitwa mahakamani, useme ulianguka kwenye ngazi ya kihenge cha mahindi. Basi. Mambo yanakwisha kifamilia. Ukikataa, ufungashe vitu vyako kabla ya Jumapili. Nyumba ni ya mdogo wangu. Watoto wanabaki."

"Watoto wanabaki na nani?" aliuliza Bibi Katarina.

"Na ukoo, mama."

"Ukoo unajua kupika uji?"

Piusi alijifanya hajasikia. Akaliona daftari mapajani mwangu.

"Ha! Bado unaandika, mama? Mwalimu, unamchosha mtu mzima. Leo kaandika nini? Kuku wametaga?"

"Leo nitaandika kwamba ulikuja," alisema Bibi Katarina.

"Andika na koti!" alisema Piusi. Akaondoka anapiga mluzi.

Marsela alikaa chini palepale, kwenye mahindi.

"Mama, nitakwenda wapi? Akirudi Jumapili ataniua. Nikiondoka, watoto je? Pengine niseme tu nilianguka."

"Useme uongo mbele ya hakimu? Inuka," alisema Bibi Katarina. "Twende kwa Lukresia."

Lukresia ni jirani, nyumba ya tatu kutoka pale. Ni karani wa Mahakama ya Mwanzo. Ni mwanamke mnene, hacheki ovyo, na jioni anafuma sweta. Tulimngoja atoke kazini. Akaja, akavua viatu, akachukua sindano zake za kufumia.

"Mimi ni karani, sina upande," alituambia kabla hatujakaa. "Nikikueleza wewe, Marsela, na Piusi akija nitamweleza yaleyale. Sheria si siri ya mtu. Haya, semeni."

Marsela alieleza. Lukresia alisikiliza huku anafuma. Aliposikia neno Jumapili, sindano zikasimama.

"Amekuonyesha karatasi?"

"Ameonyesha muhuri."

"Muhuri! Muhuri unasema karatasi imepokelewa. Hata ukimwandikia hakimu barua ya matusi, itagongwa muhuri. Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akihukumiwa na hajaridhika, ana haki ya kukata rufaa. Ni haki yake, hata kama alikuvunja mkono. Tusimnyime. Lakini haki hiyo ina siku zake. Hukumu ikitoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa inapelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku thelathini. Zinahesabiwa tangu siku ya hukumu. Hakimu aliwaambia siku ileile. Mmesahau?"

"Mimi mkono ulikuwa unaniuma," alisema Marsela. "Sikusikia kitu."

Bibi Katarina alikohoa kidogo. Akafungua daftari. Akarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwanzo kabisa. Akaweka kidole, akasoma polepole:

"Leo ni ta-re-he kumi, mwezi wa sita. Sylvesta amefungwa. Hakimu amesema siku thelathini."

Mimi niliruka pale nilipokaa! Mwanafunzi wangu! Nilitaka kupiga makofi, lakini Lukresia alinitazama nikatulia.

"Vizuri, Bibi," alisema Lukresia. "Sasa anza mstari unaofuata. Hesabu siku thelathini."

Bibi alihesabu kwa kidole. Mstari mmoja, siku moja. Kidole kilitembea mwezi wa sita wote, kikaingia mwezi wa saba. Kwenye thelathini kikasimama.

"Leo ni tarehe kumi, mwezi wa saba. Ng'ombe amepiga teke ndoo."

"Basi," alisema Lukresia. "Siku ng'ombe alipopiga teke ndoo, ndiyo siku ya mwisho ya rufaa. Piusi amekwenda lini Mbulu?"

"Jana. Tarehe ishirini na sita, mwezi wa nane."

"Amechelewa siku arobaini na saba! Kwa hiyo hiyo karatasi bado si rufaa. Itakuwa ni maombi ya kuongezewa muda. Anaomba mahakama imruhusu kukata rufaa nje ya wakati."

"Na mahakama inaweza kumruhusu?" aliuliza Marsela.

"Inaweza, kama ana sababu ya kweli. Alikuwa mahututi. Au aliomba nakala ya hukumu mapema, ikacheleweshwa. Lakini lazima aeleze kila siku aliyochelewa. Si kusema tu nilichelewa."

"Na Jumapili?"

"Jumapili kuna misa," alisema Lukresia. Akaanza tena kufuma. "Rufaa haifungui mlango wa gereza. Hata rufaa iliyowahi haifungui. Mfungwa anaendelea na kifungo mpaka mahakama iamue, au impe dhamana. Wewe nenda kaanue mahindi yako. Utaletewa karatasi ya kuitwa. Ukiitwa, nenda. Usipokwenda, hakimu atasikia upande mmoja. Ukifika, sema kweli tupu. Ngazi ya kihenge iache ilipo."

Marsela alicheka kidogo. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwezi wa sita.

Jumapili ilifika. Piusi alikuwa ametengeneza pombe mapipa mawili ya kumpokea mdogo wake. Watu walikuja kutoka Rhotia yote. Saa sita, Sylvesta hajafika. Saa nane, hajafika. Watu wakaanza kunywa ili pombe isiharibike.

"Amekosa gari," alisema Piusi.

Saa kumi na moja mapipa yalikuwa matupu. Sylvesta hajafika.

"Ni gari tu," alisema Piusi. Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wanaimba.

Baada ya wiki mbili, Marsela aliletewa karatasi ya kuitwa mahakamani tarehe 17 mwezi wa tisa. Tulipanda lori la ngano kwenda Mbulu, Marsela, Bibi Katarina na mimi. Mimi niliomba ruhusa shuleni. Nilisema ni elimu ya watu wazima kwa vitendo. Si uongo! Bibi alilishika daftari kifuani njia nzima, amelifunga kwenye kitenge lisipate vumbi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo. Sylvesta aliletwa na askari magereza. Alikuwa amekonda. Marsela alitazama sakafu, halafu akanyanyua kichwa, akatazama mbele. Piusi alikuwa na koti lake la harusi.

Hakimu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani.

"Sylvesta, ulihukumiwa tarehe 10 mwezi wa sita. Umeleta maombi tarehe 26 mwezi wa nane. Kwa nini umechelewa?"

"Mheshimiwa, nilimwachia kaka."

"Gerezani ulimwambia mkuu wa gereza kwamba unataka kukata rufaa? Angepokea karatasi yako na kuileta. Mfungwa hahitaji kutoka nje."

"Kaka aliniambia nisiweke dole gumba mahali popote. Yeye anajua mambo ya mahakama."

Watu wote walimgeukia Piusi. Piusi alinyoosha koti.

"Piusi, simama. Kwenye karatasi hii umeapa kwamba ulilazwa hospitali Endulen, tangu tarehe 1 mwezi wa saba mpaka tarehe 20 mwezi wa nane. Kweli?"

"Kweli mheshimiwa. Nilikuwa taabani."

"Wewe unakaa Rhotia. Kwa nini ulikwenda mpaka Endulen, kule juu kwa wafugaji?"

"Hewa ya kule, mheshimiwa."

"Cheti cha hospitali kiko wapi?"

"Kililiwa na mbuzi."

Karani wa pale aliinama chini ya meza kutafuta kalamu. Alikaa huko muda mrefu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Hakimu akamgeukia Marsela. "Mama, una la kusema kuhusu sababu hii?"

"Mheshimiwa, huyu shemeji yangu hakulazwa. Tulikuwa tunamwona kila siku. Mama yangu ameandika."

Bibi Katarina alisimama bila kuambiwa. Akafungua kitenge. Akatoa daftari.

"Bibi, hilo ni nini?"

"Ni zoezi la mwalimu, mheshimiwa."

Mimi nilitamani kuingia chini ya benchi, halafu nilitamani kupanda juu yake.

Hakimu alipokea daftari. Akafunua taratibu. Mara midomo yake ikaanza kucheza.

"Daftari la kisomo si cheti cha mahakama," alisema. "Lakini Piusi, nitakuuliza, na wewe umeapa mbele ya Mungu. Hapa imeandikwa: tarehe 14 mwezi wa saba, Piusi amekunywa kwa Patrisi, ameimba njia nzima. Siku hiyo ulikuwa Endulen au kwa Patrisi?"

Piusi alifikiri. Unaona kabisa mtu anapambana na roho yake.

"Mheshimiwa, ile pombe ya Patrisi haikuwa nzuri hata kidogo."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilionja."

"Tarehe 22: Piusi amekuja kuazima jembe. Tarehe 23: Piusi hajarudisha jembe. Tarehe 24: Piusi hajarudisha jembe. Tarehe 25: Piusi hajarudisha..."

"Nitarudisha, mheshimiwa!"

Chumba kizima kilicheka. Hata askari magereza. Hakimu alivua miwani akaifuta. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Piusi. Kusema uongo baada ya kuapa ni kosa la jinai. Unaweza kutoka hapa na askari huyo huyo. Nakupa nafasi moja. Sababu ya kweli ni nini?"

Koti la Piusi lilionekana kubwa ghafla. Alisema polepole, na safari hii, ndugu zangu, alisema kweli:

"Mheshimiwa, ni karantini."

"Karantini ya nani?"

"Ya ng'ombe. Ugonjwa wa midomo na miguu. Bwana mifugo alifunga mnada."

"Mnada unahusiana nini na rufaa?"

"Mimi nahesabu siku kwa mnada, mheshimiwa. Baba yangu alihesabu hivyo. Mnada wa Karatu uko kila mwezi, tarehe saba na tarehe ishirini na tano. Siku thelathini ni minada miwili. Nikasema, ikipita minada miwili, nakwenda Mbulu. Mwezi wa sita tarehe ishirini na tano, mnada ukafungwa. Mwezi wa saba, umefungwa wote. Sasa nikajua siku bado hazijaanza! Mnada umefunguliwa tarehe saba mwezi wa nane. Nikahesabu mmoja. Tarehe ishirini na tano, wa pili. Kesho yake asubuhi nikaja mbio. Nilijiona nimewahi."

Hakuna aliyecheka mara moja. Tulikuwa tunahesabu kichwani. Halafu kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji ya mfereji.

Hakimu alingoja kitulie.

"Na Endulen ilitoka wapi?"

"Aliyeniandikia karatasi aliniuliza sababu. Nikaona mnada hautapendeza."

"Ni kweli haupendezi. Lakini ungekuwa bora kuliko uongo." Akamgeukia Marsela. "Mama, unalo la mwisho?"

Marsela alisimama. Mkono wake dhaifu aliushika kwa mkono mzima.

"Mheshimiwa, siku thelathini zilikuwa zake. Sikumzuia. Hata siku moja sikwenda kumwambia asikate rufaa. Lakini siku zilizofuata mimi nilianza kulala. Nimevuna. Watoto wameacha kushtuka mlango ukigongwa. Shemeji amekuja kuniambia niseme nilianguka. Mimi sikuanguka. Ndilo hilo tu."

Sylvesta alitazama mikono yake. Piusi alitazama viatu vyake.

Hakimu aliandika muda mrefu. Halafu alisoma.

"Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda, na inautumia kwa furaha mtu akiwa na sababu nzuri. Mtu hawezi kufungiwa mlango kwa sababu ya ugonjwa, au kwa kosa la ofisi. Lakini hapa hakuna ugonjwa. Mfungwa alikuwa na njia gerezani, hakuitumia. Ndugu yake alisubiri ng'ombe wapone. Siku arobaini na saba za kuchelewa hazina maelezo. Sheria ikiweka siku, inamlinda mfungwa apate nafasi. Pia inamlinda aliyeumizwa, ili siku moja ajue kesi imekwisha. Maombi yamekataliwa. Sylvesta atamaliza kifungo chake. Na wewe Piusi, Sheria ya Ndoa haimpi mume ruhusa ya kumpiga mke, na haimpi shemeji ruhusa ya kumfukuza na kumnyang'anya watoto. Ukimsumbua tena huyu mama, utakuja hapa kwa kesi yako mwenyewe."

"Sawa mheshimiwa."

"Na urudishe jembe."

Siku hiyo kulikuwa na lori moja tu la kurudi, kwa hiyo tulirudi na Piusi. Alikaa pembeni, juu ya magunia, amelikunja koti magotini. Tulipofika karibu na Karatu akasema:

"Mama, lile daftari... umeniandika mara ngapi?"

"Sijahesabu," alisema Bibi Katarina. "Leo nitakuandika tena."

"Utaandika nini?"

"Kwamba mwishoni ulisema kweli."

Kesho yake asubuhi jembe lilikuwa mlangoni kwa Marsela, limesuguliwa linang'aa.

Marsela alipukuchua mahindi yake yote, akajaza kihenge. Sylvesta alipotoka gerezani, hakwenda kwa Marsela. Alikwenda kukaa kwa Piusi. Wakaitwa wote wawili kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Marsela alisema wazi kwamba hataki kurudiana naye mpaka aone mtu mwingine kabisa. Mpaka leo anaangalia. Sylvesta anakuja mchana kuwaona watoto, anapiga hodi, anangoja aambiwe karibu. Asipoambiwa, anarudi.

Na kisomo changu? Jamani! Baada ya habari hizi kusambaa, darasa lilijaa mpaka nikaomba mabenchi kanisani. Kila mtu anataka daftari la tarehe. Lukresia alikuja Alhamisi moja kutufundisha: hukumu ikisomwa, andika tarehe hiyohiyo, uliza siku za rufaa ni ngapi, omba nakala ya hukumu mapema, hesabu kila siku, iwe na mvua au na karantini. Tukahesabu wote kwa sauti, mpaka thelathini.

Wiki iliyofuata, mtu alikohoa mlangoni. Piusi. Ana daftari jipya na penseli aliyoichonga kwa panga.

"Mwalimu, kuna nafasi?"

"Ipo, mzee. Kaa karibu na Bibi Katarina."

"Karibu sana na yeye?"

"Hiyo ndiyo iliyobaki."

Ilimchukua miezi mitatu kujua herufi. Alikuwa anatoka jasho kama mtu anayelima kwa ng'ombe wakaidi. Halafu Jumanne moja alinyanyua mkono, akasema amemaliza zoezi. Nikaenda kuangalia. Herufi zilikuwa kubwa, zinapanda mlima. Aliandika:

"Leo ni tarehe 9. Hakuna mnada. Lakini ni siku."